Je, Mgonjwa Akiikubali Rukhsa Amepungukiwa na Subira?

Yuko ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, aliyehamia Ndabibi, magharibi ya ziwa la Naivasha, kwa kazi ya shamba. Huyu alipasuliwa shingo, kwa kuwa gegedu iliyo baina ya pingili mbili ilitokeza ikabana mishipa ya fahamu. Maumivu ya mkono yalimtoka. Lakini shingo imekuwa ngumu, na kila akiinuka hushikwa na kisunzi.

Nilipokwenda kumzuru tuliswali adhuhuri pamoja. Alisujudu, akainuka akipepesuka, akaushika ukuta. Nikamuuliza: mbona hukukaa kitini kama alivyokuagiza tabibu? Akajibu: "Sheikh, nachelea watu wasije wakasema nimekuwa mvivu wa ibada."

Ndugu zangu, jawabu hili latuhusu sisi tulio wazima. Mwenye kuvunjika mguu twaliona gongo lake tukampisha njia. Mwenye kisunzi hatuoni kitu, basi twamdhania mabaya. Naye, kwa kuyaogopa macho yetu, huuhatarisha mwili ambao ni amana ya Mola wake.

Twajua kuwa Imran bin Husayn, alipokuwa na maradhi ya bawasiri, aliambiwa na Mtume (s.a.w.) aswali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Na iko katika Sunan ya Abu Daud habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu vikali wale waliomjibu pasina ilimu, akasema kuwa wao ndio waliomuua. Yule aliyeuliza hakulaumiwa.

Basi subira si kujitesa. Subira ni kuifuata njia ndefu ya kupona bila ya kunung'unika: kuketi kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, kugeuka kwa mwili mzima badala ya kuizungusha shingo kwa ghafula, kutobeba mizigo mizito mpaka tabibu aruhusu, kufanya mazoezi yale tu aliyofundishwa, wala asikubali shingo kukandwa na kuvutwa na kila mjuaji. Kisunzi nacho kina sababu nyingi: huenda kikatokana na dawa, au na presha ya damu kushuka mtu ainukapo, au na sikio la ndani, au na shingo yenyewe. Kwa hiyo na aulizwe tabibu, tusibahatishe. Na akiona mikono au miguu yalegea, au mkojo wamtoka bila ya kujua, au kumeza na kupumua kwawa kuzito, akimbilie hospitali saa ile ile.

Alasiri ile ndugu yetu aliswali juu ya kiti, nami kando yake. Hakuyumba. Alipotoa salamu alikaa kitambo kirefu akiomba dua, jambo ambalo adhuhuri hakuliweza.

Tukimwona msikitini mtu ameketi kitini, tumpishe nafasi, tumwombee afya, tuzizuie ndimi zetu. Wallahu aalam.