Kungojea Jawabu la Chuo Kikuu

Limeulizwa swali katika darasa yetu, nasi tumeona si vyema kulijibu kwa maneno mawili ya mdomoni. Kijana aliyekwisha kupata shahada ya kwanza hupeleka maombi yake ya masomo ya juu katika vyuo vya ng'ambo, kisha hukaa miezi mitatu au minne hapati usingizi wala chakula hakimpiti kooni. Je, wasiwasi huo ni dalili ya upungufu wa imani? Baadhi ya watu hujibu kwa haraka kuwa ndiyo, ya kwamba mwenye kumtegemea Mungu hana khofu, kisha huenda zao. Sisi twaona jawabu hilo si la haki.

Nabii Yaakub, alayhi s-salaam, alimhuzunikia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe, na hapana Mwislamu athubutuye kusema kuwa imani yake ilipungua. Tena ni yeye huyo, katika huzuni yake, aliyewaamrisha wanawe warudi wakamtafute Yusuf na nduguye. Huzuni haikumzuia kutenda, wala kutenda hakukumwondolea huzuni. Basi moyo kuuma si dhambi, na anayemkemea kijana kwa hilo humwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Na mzigo wa kwanza si mdogo. Mwenye kufunga huingojea magharibi kwa njaa lakini bila ya wasiwasi, kwani jua lina saa yake na kalenda imetundikwa ukutani. Jawabu la chuo halina saa. Vyuo vya Marekani aghalabu hufunga mlango wa maombi ya uzamivu mwezi wa Disemba au mwanzo wa Januari, na majawabu hutoka kidogo kidogo toka Februari hata Aprili, chuo hiki leo na kile baada ya mwezi. Ikiwa afisi ya Boston itapeleka barua saa kumi alasiri, hapa Mombasa huwa ni saa sita ya usiku katika miezi ya baridi yao. Ndipo umwonapo kijana amekesha, simu i mkononi, akizitazama barua-pepe zake mara ishirini kabla ya alfajiri.

Twamwonea huruma, lakini na tumwambie kweli. Kutazama mara ya ishirini si juhudi. Juhudi yake ilikwisha siku alipopeleka maombi. Amekuwa jamaa ya yule aendaye kupigiwa bao apate kuijua kesho kabla haijafika, ingawa huyu halipi kuku wala ubani. Afadhali atazame mara moja tu, baada ya sala ya alfajiri: saa hiyo afisi za Boston zimekwisha fungwa zamani, na yote yaliyopelekwa siku ile yamekwisha wasili. Mchana ni wa kazi. Na majirani wamuulizao kila Ijumaa mlangoni mwa msikiti, "Vipi, bado?", wangemfanyia hisani kubwa lau wangenyamaza.

Liko jambo liumizalo zaidi, nalo ni kuwa kijana hudhani wale wasomao karatasi zake wanaipima thamani yake. Sivyo. Wanagawa viti vichache kwa watu wengi, na viti hivyo vyategemea mambo asiyoyajua: huenda mwalimu wa fani yake yu katika likizo, au fedha za kuwalipia wanafunzi zimepungua. Mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipokata fedha za utafiti, vyuo kadhaa vilipunguza nafasi za uzamivu, na chuo cha utabibu cha UMass Chan kiliziondoa nafasi ambazo kilikwisha kuwapa watu. Je, watu wale waliharibika akili kwa usiku mmoja? Walikuwa ni wale wale waliosifiwa juzi.

Yamebaki maneno juu ya aliyekwisha kupata, kwani huyu hasemwi sana. Vyuo vingi vya Marekani vimeafikiana kuwa mwanafunzi aliyepewa nafasi pamoja na msaada wa fedha asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Hiyo ni haki yake. Walakini wako wanaopata vyuo vitatu, wakajua tangu Machi kuwa watakwenda kimoja tu, ilhali huvishika vyote hata siku ya mwisho kwa kuona fahari kuvihesabu barazani. Nyuma ya kiti wakishikacho huenda yuko mtu katika orodha ya wangojao, naye pia amekesha. Kanuni ya vyuo haimlaumu mwenye kushika hivyo, nasi hatusemi kuwa ameiba. Twasema kuwa ameshika kitu asichokihitaji, na mwenziwe anakihitaji, naye ayajua yote mawili. Barua ya kuiachia nafasi huandikwa kwa mistari mitatu, na chuo kikishaipokea chaweza kumwandikia mwingine siku ile ile.