Mjaza Risasi na Mfyatua Risasi

Katika kijiji kimoja nyuma ya Bagamoyo, upande wa bonde la Ruvu, nilipata kuzungumza na mzee aliyekuwa mwindaji wa nguruwe katika ujana wake. Gobori lake alikwisha kulikabidhi serikalini, lakini kanuni zake za uwindaji alikuwa nazo bado. Nilimwuliza ni ipi kati yao iliyo kubwa kuliko zote. Nilidhani atanena habari ya upepo, au ya nyayo, au ya shabaha. Alijibu: "Mwanangu, bunduki aliyoishindilia mwingine siifyatui, na niliyoishindilia mimi simpi mtu."

Nilimshukuru nikaenda zangu, nikidhani kuwa nimepewa neno la hadhari tu. Baadaye niliona kuwa neno lile lina pande mbili, na kwamba upande mmoja nilikuwa sijaufahamu hata kidogo. Upande wa kwanza wamlinda anenaye. Je, upande wa pili wamlinda nani? Na asemaye "simpi mtu" wakati ambapo baruti ni adimu na nguruwe wamo shambani mwa jirani, ni mwenye hekima au ni bahili?

Swali ninalotaka kuliweka mbele ya msomaji ni hili: mtu ajazaye risasi kwa mkono wake wakati wa uhaba, ana deni gani, na kwa nani? Dhiki humpunguzia deni hilo, au humwongezea?

Yafaa kwanza tuijue kazi yenyewe. Mwenye gobori hujaza bunduki yake kila mara atakapo kuifyatua. Humimina baruti mdomoni mwa mtutu, hushindilia nyuzi za makumbi au kitambaa kwa mdeki, hutia marisau au kipande cha chuma, hushindilia tena. Risasi ya bunduki za siku hizi imeyakusanya mambo hayo katika mwili mmoja: ganda la shaba, fataki kitakoni mwake, baruti tumboni mwake, na risasi yenyewe kinywani mwake. Ikifyatuliwa, vitatu hupotea na ganda hubaki. Mtu aliokotaye ganda hilo aweza kulisafisha, kulinyosha, kulitia fataki mpya, kulipimia baruti, na kulifunga kwa risasi nyingine. Ni kazi ya mizani na subira, na wako watu wengi duniani waifanyao kwa kupenda tu, kama wengine wapendavyo kusuka nyavu au kutengeneza saa.

Lakini kazi hii ina siri moja. Baruti ikizidi, bunduki yaweza kupasuka usoni mwa mtu. Baruti ikisahauliwa, fataki peke yake yaweza kuisukuma risasi mpaka katikati ya mtutu ikakwama humo, na risasi ya pili ikifuata, mtutu hupasuka. Na kwa nje, risasi njema na risasi mbovu ni pacha. Jicho la mnunuzi haliwezi kuzitenga, wala jicho la askari, wala jicho la hakimu. Ajuaye ni aliyejaza, na pengine hata yeye hajui, ikiwa mawazo yake yalipotea kidogo alipokuwa akipima. Basi mjazaji ni shahidi wa pekee wa kazi yake mwenyewe, na hapo ndipo deni lake linapoanza.

Uhaba wa baruti katika pwani hii aghalabu haukuwa ajali, ulikuwa amri. Watu wa Pangani walipoinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani katika mwaka 1888, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, vita vikafika Bagamoyo mwezi Septemba, na Bwana Heri wa Saadani akasimama upande wake. Mwezi Disemba mwaka huo manowari za Ujerumani na Uingereza zilianza kuizingira pwani. Ilitangazwa kuwa watumwa wasitoke. Na silaha zisiingie. Boma la Abushiri karibu na Bagamoyo lilivunjwa mwezi Mei 1889, na yeye mwenyewe akanyongwa Pangani mwezi Disemba. Mwezi Julai 1890 mataifa yalitia sahihi mkataba wa Brussels, ambao uliweka kizuizi juu ya bunduki na baruti katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za kisasa na risasi zake zilizuiwa kwa ukali. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa kwa kibali cha serikali. Hivyo mwenyeji aliachiwa silaha ambayo kila mlio wake ulitaka kujazwa upya kwa mkono.

Dunia ina kejeli zake. Miaka ishirini na mitano baadaye, Wajerumani wale wale walizingirwa katika pwani ile ile. Mwezi Novemba 1914 walishinda Tanga, wakateka risasi laki sita za adui. Lakini mwezi Januari 1915 walipigana Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, na katika siku mbili wakatumia risasi laki mbili. Kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, alipiga hesabu akaona kuwa kwa matumizi ya namna ile angaliweza kupigana mara tatu tu zaidi. Ushindi ulikuwa umemfilisi.

Mwezi Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, iliyojificha chini ya jina la Kidenmark la Kronborg, ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza iitwayo Hyacinth iliikuta huko ikaipiga. Meli ikawaka moto, ikatua chini katika maji machache. Waingereza wakaiacha wakidhani kuwa imekwisha. Wapiga mbizi wakashuka, na shehena ikatolewa. Lakini maji ya chumvi yalikuwa yamekwisha kuingia. Siku zilivyopita, baruti na fataki ziliharibika zaidi, na risasi zilizokataa kulia zikazidi. Ikawa lazima risasi zote zifunguliwe, baruti isafishwe, na baadhi ya fataki zibadilishwe. Huko Moshi, mwisho wa reli ya kutoka Tanga, watu wote walioweza kupatikana waliwekwa kazini kutoka asubuhi mpaka jioni, kwa muda wa miezi, wakizitengeneza risasi upya.

Kamanda huyo ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi risasi hizo zilivyogawanywa. Zile ambazo hazikuharibika ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha. Katika zile zilizotengenezwa upya, mafungu ambayo risasi zipatazo ishirini kwa mia zilikataa kulia yaliwekwa kwa ajili ya vita. Mafungu mabaya zaidi yalitumiwa kwa mafunzo ya shabaha.

Tutafakari kidogo juu ya hesabu hiyo. Ina uaminifu ndani yake, wala si haki kuunyima sifa. Risasi zilijaribiwa, zikahesabiwa, zikatengwa. Mbovu hazikuchanganywa na njema ili idadi ipendeze. Lakini ujuzi wa hesabu ulikaa wapi? Ulikaa kwenye daftari na meza ya mtengaji. Askari aliyelala nyuma ya kichuguu alikuwa na risasi tano mkononi, na kwa hesabu moja katika hizo ilikuwa bubu, wala hakuweza kujua ni ipi. Mjazaji alikuwa Moshi, hatari ilikuwa kichuguuni.

Mtu ataniambia: "Ulitaka wafanye nini? Mkosa kitoweo humangiria. Risasi nne ziliazo katika tano ni bora kuliko bunduki tupu." Neno hili ni kweli, nami silipingi. Dhiki husamehe udhaifu wa kitu. Nguo yenye kiraka si aibu, na mtumbwi uliozibwa kwa pamba na lami huvusha watu. Lakini dhiki haisamehi kuufichia mtumiaji udhaifu huo. Mwenye mtumbwi mbovu amwambiaye abiria, "Shika kata, tutakuwa tukikumba maji njiani," amelipa deni lake. Mwenye mtumbwi uo huo anyamazaye hajalilipa, hata kama safari itafika salama. Maana amechukua hiari ya mwenziwe bila ya kumwomba.

Huu ndio upande wa kwanza wa neno la mzee. Ajazaye bunduki yake na kuifyatua mwenyewe hana haja ya kumwambia mtu lolote. Uso wake uko nyuma ya kazi ya mkono wake. Akizembea, hulipa; akijitahidi, hufaidi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wajazaji wa mapenzi walioko Marekani wanaijua kanuni hii vizuri sana. Katika miaka ya 2020 na 2021 risasi ziliadimika katika maduka ya huko, na fataki zikawa adimu mno, kwa kuwa fataki ndicho kitu ambacho mtu hawezi kukifanya kwa urahisi nyumbani. Wengi ambao hawakupata kujaza risasi maishani mwao walitamani kujifunza. Lakini wakongwe wa kazi hiyo wana wasia wa siku nyingi kuwa mtu asifyatue risasi iliyojazwa na mkono asioujua. Mzee wa bonde la Ruvu hakupata kuwaona watu hao, wala wao hawakupata kumwona. Baruti iliwafundisha somo moja.

Sasa tuuendee upande wa pili, ulionisumbua zaidi. Tuseme mjazaji wa Moshi alikuwa fundi kamili, na kila risasi yake ililia. Je, deni lake limekwisha? Kwa mfyatuaji limekwisha. Lakini kila risasi ina mtu wa tatu, naye ni yule aliyesimama mbele ya mtutu. Kwake yeye mambo yamegeuka: risasi bubu ni rehema, na risasi iliyojazwa kwa uaminifu ni mauti. Vita vile viliendelea mpaka Novemba 25, 1918, majeshi yaliposalimu huko Abercorn, ambako sasa ni Mbala katika Zambia. Wapagazi kwa makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi katika jeshi hili na lile, na vijiji vilinyang'anywa chakula. Mikono ya Moshi haikuona lolote katika hayo. Ilipima baruti, ikafunga magamba, ikapumzika jioni. Sitaihukumu; wengi wao yamkini hawakuwa na hiari zaidi ya ile ya mpagazi. Nataka tu tuone ya kuwa uaminifu wa kazi, ambao ni fadhila tukufu, hautoshi peke yake. Kazi njema yaweza kutumikia shabaha ambayo mfanyaji hakuichagua.

Hapa pana hoja nyingine ya kujibiwa. Ikiwa kila mtengenezaji atawajibika kwa matumizi ya alichotengeneza, basi mhunzi asiuze panga, wala seremala asiuze mchi. Najibu kuwa vitu havilingani. Panga lina kazi mia: hufyeka, hukata kuni, hupasua madafu, na kuua si kazi yake mpaka mtu alipotoshe. Risasi haina kazi mia. Kadiri kazi za kitu zilivyo chache, ndivyo mtengenezaji wake alivyo karibu na tendo. Mjazaji wa risasi amekwisha kufika hatua moja tu kutoka kwenye tendo lenyewe, na hatua hiyo ni kidole cha mtu mwingine. Kwa hiyo desturi ya kuviweka vitu hivi chini ya kibali, ambayo Tanzania imeishika katika sheria yake ya silaha na risasi ya mwaka 2015, haikutokana na woga wa serikali tu. Imetokana na hali ya kitu chenyewe.

Sasa naweza kulijibu swali la mwanzo. Mjazaji ana deni kwa watu wawili: kwa afyatuaye, amwambie ukweli wa kazi yake, na kwa asimamaye mbele, asiutoe mkono wake kwa jicho asilolijua. Na dhiki haimpunguzii deni hilo, bali humwongezea. Katika siku za neema, kusema "simpi mtu" hakumgharimu mtu kitu, kwa kuwa kila mtu anacho chake. Katika siku za uhaba, mwenye baruti huzungukwa na maombi. Huitwa ndugu na wale wasiomjua jana. Akikataa, huitwa mchoyo. Akikubali, husifiwa kwa ukarimu. Kweli uhaba huufundisha mkono ustadi mwingi, lakini wakati huo huo huujaribu moyo pale ulipo mwororo, yaani katika kupenda kusifiwa.

Lakini lilibaki jambo moja ambalo nisingeweza kulimaliza kwa kufikiri peke yangu. Jirani mwenye nguruwe shambani si mtu wa kunyimwa msaada. Watoto wake watakula nini? Nilirudi kwa yule mzee nikamwuliza: "Mzee wangu, kama ndugu yako angalikuja usiku, akakwambia kuwa nguruwe wanaumaliza muhogo wake, nawe una bunduki uliyokwisha kuishindilia, ungalimnyima?"

Alinitazama kama mtu anayeshangaa kuwa jambo dogo namna hii limenichukua muda mrefu.

"Kumnyima kwa nini?" akasema. "Ningalitoka naye, tukaenda shambani pamoja."