Kungoja na Kukata: Kidole Tumbo Kilichotoboka na Swali la Wajibu

Kidole tumbo kilichovimba kinaweza kutoboka ndani ya siku chache tangu maumivu yaanze. Usaha ukisambaa, tumbo hukakamaa, na mgonjwa asipopasuliwa haraka anaweza kufa. Mara nyingine mwili hujenga boma: matumbo na utando wa mafuta hukizingira kidonda, likabaki donge au jipu upande wa kulia, chini ya kitovu. Katika hali ya kwanza hakuna ubishi. Ubishi uko katika ya pili.

Wanaotaka kukata mapema husema chanzo cha ugonjwa kiondoke mara moja, kabla boma halijabomoka. Wanaotaka kungoja hujibu kwamba matumbo yaliyogandamana hujeruhika kirahisi, na pengine daktari hulazimika kukata sehemu ya utumbo ili kutoa kitu kidogo. Ubishi huu ni mkongwe. Juni 1902, siku mbili kabla ya tarehe iliyopangwa ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII wa Uingereza, daktari wa upasuaji Frederick Treves alimpasua, akatoa usaha na kukiacha kidole tumbo mahali pake. Mfalme alipona. Je, daktari anayeacha kukata ametenda, au ameacha kutenda?

Waswahili wana methali mbili zinazoonekana kugongana hapa: subira huvuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hazigongani, kwa kuwa kungoja ni kwa namna mbili. Mgonjwa aliyelazwa hutundikiwa dripu, huchomwa antibiotiki, hupimwa joto na mapigo ya moyo kila baada ya saa chache. Donge hupapaswa kuona kama linanywea, na jipu kubwa huweza kunyonywa usaha kwa sindano inayoongozwa na ultrasaundi. Hali ikigeuka, hupelekwa chumba cha upasuaji. Mgonjwa aliyelala nyumbani na maumivu yaleyale naye anangoja, ila hakuna anayehesabu mapigo yake. Wote wawili hawajakatwa, lakini kimaadili yule wa wodini yuko karibu zaidi na aliyepasuliwa kuliko na huyu wa nyumbani.

Morogoro, tofauti hiyo hupimwa kwa mwendo wa barabara. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko mjini, chini ya Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Mkulima wa mboga wa Nyandira, huko Mgeta, huteremka kwa njia ya milimani ambayo masika huijaza tope. Akichelewa, huenda akafika boma limekwishajengwa. Akipona kwa dawa, ugonjwa unaweza kurudi akiwa mbali na kisu. Akiambiwa arudi baada ya wiki sita hadi kumi na mbili kidole tumbo kiondolewe, ameambiwa pia atafute nauli, aache bustani yake na apate ndugu wa kumsindikiza. Tiba inayomfaa mkazi wa mjini inaweza kuwa hatari kwake.

Uislamu na Ukatoliki, dini zenye waumini wengi Uluguru, zinasaidia kupima jambo hili. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi humtaka mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Papa Pius XII, akizungumza na madaktari wa dawa za usingizi tarehe 24 Novemba 1957, alieleza kwamba mtu hulazimika kulinda uhai kwa njia za kawaida, na ukawaida huo hutegemea hali ya mtu, mahali, wakati na utamaduni. Kwa vipimo hivyo, kuliombea tu tumbo lililokakamaa wakati gari lipo ni kumwacha ngamia bila kamba. Kungoja mbele ya donge lililozingirwa ni halali, mradi kamba ipo: mwangalizi, dawa, na njia ya kufika kwenye kisu. Kamba hiyo isipofika Nyandira, daktari anayechagua kungoja ana wajibu wa kumweka mgonjwa karibu hadi hatari ipite, au kukata.