Kisichokuwepo Kinaweza Kuua?

Wauzaji wa samaki wa mapambo huwapa wateja wapya mmea wa Vallisneria kwa maneno yaleyale: huu haumshindi mtu. Na wana haki ya kusema hivyo. Hautaki udongo wa pekee wala mtungi wa gesi. Ukipata maji unayoyapenda, hutambaa wenyewe juu ya changarawe, ukachipua miche mingine pembeni mpaka mwenye tangi anaanza kuigawa kwa majirani. Carl Linnaeus aliupa jina mwaka 1753 kwa heshima ya tabibu wa Italia, Antonio Vallisneri, lakini mmea wenyewe si mgeni kwetu. Vallisneria huota pia katika Ziwa Tanganyika, ziwa hilohilo ambalo samaki wake wenye rangi za kuvutia husafirishwa kutoka Kigoma hadi kwenye matangi ya sebuleni Ulaya na Marekani.

Sasa mmea huo huo unanunuliwa, unapandwa vizuri, na baada ya wiki kadhaa umedumaa. Majani yanafifia mpaka mtu anaona upande wa pili, yanakatika, yanaelea juu ya maji. Mwenye tangi anajikagua. Maji ni safi, taa inawaka, samaki ni wazima, hakuna aliyemwaga sabuni wala kuutikisa mmea. Hakuna lolote lililotendeka, na mmea unakufa. Jambo hili dogo la sebuleni linagusa swali ambalo wanafalsafa hawajakubaliana mpaka leo: je, kitu kisichokuwepo kinaweza kuwa sababu?

Kwa kawaida tukisema sababu tunafikiria kitu kinachotenda. Jiwe limevunja kioo. Moto umeunguza pamba. Lakini mmea unaodumaa mara nyingi haukutendewa chochote, umekosa. Umekosa naitrojeni, au madini ya chuma, au ukaa wa kujengea majani. Ukosefu hauna uzito wala rangi, haushikiki, hauwezi kuwekwa mezani ukaoneshwa. Utausemaje kwamba umeua?

Mwanafalsafa Mwingereza Helen Beebee alilichambua tatizo hili mwaka 2004 kwa mfano wa mimea. Flora ana desturi ya kumwagilia okidi za jirani yake. Siku moja anaacha, na okidi zinakufa. Karibu kila anayesikia habari hiyo atamnyooshea Flora kidole. Lakini wakazi wengine wote wa mtaa ule nao hawakuzimwagilia, na lau mmoja wao angefanya hivyo, zingeishi. Kama kutomwagilia ni sababu ya kifo, basi mtaa mzima umeua okidi. Kama mtaa hauna hatia, kwa hoja gani Flora awe nayo? Beebee mwenyewe alihitimisha kwamba ukosefu unaweza kutusaidia kueleza tukio, ila hauwi sababu hasa. Mwaka uliofuata Sarah McGrath akaja na jibu tofauti: kutofanyika kwa jambo huwa sababu pale tu ambapo jambo hilo lilitazamiwa kufanyika, kwa kawaida au kwa wajibu. Flora alitazamiwa. Wapita njia hawakutazamiwa.

Jibu la McGrath linaelekea kwenye ukweli, na tangi la samaki linaonesha kwa nini. Tena linaonesha jambo ambalo mfano wa Flora hauoneshi: kwamba kinachotazamiwa hakitokani na ahadi za watu peke yake. Mmea nao una stahiki zake, na stahiki hizo zimetokana na mahali ulikotoka.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali, pH yake inakaribia 9, na yamejaa bikaboneti. Katika maji ya namna hiyo hewa ya ukaa iliyo huru ni haba sana. Hata ile iliyopo husafiri polepole, kwa kuwa gesi hupenya ndani ya maji taratibu mno, takriban mara 10,000 polepole zaidi kuliko inavyopenya hewani. Mmea uliozama unaishi katika njaa ya ukaa ambayo mhindi wa shambani hauijui. Vallisneria imejitafutia njia: inaweza kuuchukua ukaa kutoka kwenye bikaboneti yenyewe. Si mimea yote ya majini inayoweza hivyo.

Mtu mwenye nia njema anakinga maji ya mvua. Anayaona ni safi kuliko ya bomba, hayana klorini, hayana chumvi, na anamimina hayo kwenye tangi. Bikaboneti karibu hakuna. Usafi alioutafuta ndio uliounyima mmea chakula chake. Jirani yake wa Unguja, anayechota kisimani kwenye mwamba wa matumbawe, ana maji magumu yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Hajafanya bidii yoyote, na Vallisneria yake imejaa tangi zima. Mmoja amejitahidi na kunyima, mwingine hakuwaza na ametoa. Dawa ya yule wa kwanza ni nyepesi: achanganye maji ya kisima, au aweke vipande vya mawe ya chokaa vinavyoyeyuka kidogo kidogo. Lakini hawezi kuifikia dawa hiyo kabla ya kukubali kwamba tangi lisilo na kosa linaloonekana linaweza kuwa na deni.

Kuhesabu kisichoonekana ni kazi ngumu hata kwa wenye akili kubwa. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels katika karne ya 17, alipima ratili 200 za udongo uliokaushwa, akaujaza kwenye chombo na kupanda mche wa mwerebi wenye ratili 5. Kwa miaka mitano akaunywesha maji ya mvua, au maji yaliyotoneshwa, pasipo kuongeza kitu kingine. Mwishoni mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na wakia 3 hivi, na udongo, baada ya kukaushwa tena, ulikuwa umepungua kama wakia 2 tu. Akahitimisha kwamba mbao, gome na mizizi vyote vimetokana na maji matupu. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1648, naye ameshafariki. Upimaji wake ulikuwa wa uangalifu wa kustaajabisha. Kinachoumiza ni kwamba Van Helmont ndiye aliyeipa dunia neno gesi, na ndiye aliyeieleza gesi inayotoka kwenye makaa yanayoungua, yaani hewa ya ukaa. Kilichokosekana kwenye hesabu yake alikuwa amekwisha kukiandikia jina. Ni mwaka 1779 ndipo Jan Ingenhousz alipochapisha kwamba majani yaliyozamishwa majini hutoa mapovu juani na kuacha gizani, na njia ya kuuelewa usanisinuru ikaanza kufunguka.

Dini nazo zimeligusa suala hili la sababu kwa kina. Imam al-Ghazali, katika kitabu alichowapingia wanafalsafa mwaka 1095, alitumia mfano wa pamba na moto kusema kwamba hatuoni ulazima wowote kati ya sababu na matokeo. Tunaona kimoja kikifuata kingine, na mwenye kuumba kuungua ni Mungu. Ibn Rushd alimjibu katika karne iliyofuata kwamba anayekana sababu anaikana akili yenyewe. Wapo wanaosikia nusu ya mjadala huu wakadhani Ghazali anawapa ruhusa ya kukaa kitako. Sivyo. Katika kitabu chake kingine, Ihya, anapozungumzia kumtegemea Mungu, anasema wazi kwamba mtu asiyepanda mbegu akatumaini mimea imuotee hana tawakali, ana wazimu. Hata kwa mwanachuoni aliyekana ulazima wa sababu, kuzitafuta sababu kulibaki kuwa adabu ya mja mbele ya Mola wake.

Upande wa Wakristo, Agostino wa Hippo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo, alifundisha kwamba uovu si kitu kilichoumbwa bali ni upungufu wa wema. Kwa Waislamu, Ibn Sina alifika karibu na hapo kwa njia yake. Fundisho hilo linafariji, kwa kuwa linauondolea uumbaji lawama. Lakini halimwambii mtu ni upungufu gani, wa nini, umeanzia wapi. Kuujua ni kazi ya anayetazama.

Na mmea husaidia anayetazama. Jani lake huonesha ni nini kimekosekana. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu huhamishika: zikipungua, mmea huzitoa kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machanga, kama bibi anayemsogezea mjukuu kitoweo chake. Kwa hiyo majani ya nje ndiyo yanayoanza kugeuka manjano au kutoboka. Madini ya chuma hayahamishiki hivyo. Yakikosekana, majani ya zamani hubaki na kijani chake huku jani jipya likichomoza limepauka, mishipa peke yake ikiwa ya kijani. Mtu akijua hilo, swali la ukosefu upi haliwi tena la kubahatisha.

Hatari kubwa huja pale asiyetazama anapotaka kujaza pengo asilolijua. Ziko chupa zinazouzwa kwa kusudi la kuipa mimea ukaa, ambazo ndani yake mna glutaraldehidi, kemikali inayotumika pia hospitalini kuua vijidudu kwenye vifaa. Mimea mingi huivumilia kwa kipimo. Vallisneria inajulikana kwa kuyeyuka inapowekewa. Mmea uliokuwa na njaa sasa umetiwa sumu, na mwenye tangi ataapa kwamba amefanya kila aliloweza.

Ndiyo maana kanuni ya John Stuart Mill ya mwaka 1843 ina uzito wa kimaadili zaidi ya ule wa kimantiki: ukitaka kujua sababu, badilisha jambo moja, mengine yaache yalivyo. Anayebadilisha taa, mbolea na maji kwa siku moja hatajua kilichoponya wala kilichoua. Baada ya badiliko hilo moja asubiri wiki mbili tatu, macho yakiwa kwenye jani jipya, kwa sababu jani lililoharibika halirudi kuwa zima. Mara nyingine badiliko lenyewe ni kupunguza. Taa kali huongeza njaa ya mmea na kuulisha mwani, na tangi likipunguziwa mwanga upungufu uliokuwa ukiua huacha kuwa upungufu.

Tena kuna kuyeyuka kusiko ugonjwa. Vallisneria iliyohamishwa kutoka maji ya aina moja kwenda ya aina nyingine huweza kupoteza majani yote, ikabakiza kishina na mizizi, kisha ikaanza upya. Wengi huing'oa wakati huo na kuitupa. Aliyeacha kuing'oa ameiokoa kwa kutofanya. Anayeshikilia kwamba kutofanya hakuwezi kuwa sababu itambidi aseme kwamba mmea huo haukuokolewa na mtu.

Linalofaa kuachwa ni desturi ya kuuza mmea kwa sifa ya urahisi peke yake. Sifa hiyo humwondolea mnunuzi kutazamia lolote, na asiyetazamia hawezi kuona kilichokosekana. Muuzaji amwambie mteja mambo matatu: mmea umetoka kwenye maji magumu au laini, shingo ya mizizi isifukiwe, na majani ya kwanza yakianguka asiutupe. Mnunuzi naye, kabla ya kununua chupa yoyote, apime ugumu wa maji yake.