Nilijua Kuitikia

Bibi aliyepanda jukwaani hakuwa na ngoma wala njuga. Alikuwa na sweta la kijani, kitenge kilichofungwa juu yake, na mbele yake waandaaji walikuwa wamemwekea kinu na mchi. Kinu kilikuwa kitupu. Akakitazama kidogo, kama mtu aliyekaribishwa chakula akakuta sahani haina kitu, kisha akashika mchi na kuanza kutwanga hewa.

Ilikuwa Julai, Iringa mjini, ile baridi ya Julai ambayo mtu wa Dar es Salaam akishuka stendi anauliza kama kuna msiba, maana kila mtu amejifunika. Tamasha la utamaduni lilitangazwa kuanza saa nne asubuhi. Tulianza saa saba, alipofika mgeni rasmi. Walikwishapita wanafunzi wa sekondari waliovaa njuga miguuni, akapita kijana wa bongo fleva aliyeimba juu ya wimbo wake mwenyewe uliokuwa unapigwa kwenye spika. Watu walikuwa wamechangamka. Halafu akaja bibi huyu, peke yake. Baadaye nilisikia kwamba kikundi chao ni cha akina mama watano, ila nauli iliyotumwa ilikuwa ya mtu mmoja.

Akaimba mstari mmoja, akanyamaza. Mchi ukashuka mara mbili. Akaimba mwingine, akanyamaza tena. Mshereheshaji alidhani amemaliza, akadaka kipaza sauti: "Makofi kwa bibi yetu!" Tukapiga makofi. Bibi akaendelea. Mstari, kimya, mchi mara mbili. Safari ya pili mshereheshaji alipokosea tena, watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama tunavyocheka mtu anapopiga hatua ya ngazi ambayo haipo.

Mimi nilikuwa mstari wa tatu, simu juu, narekodi. Na nilijua kuitikia.

Hili ndilo limenikalisha chini kuandika. Kama nisingeujua wimbo, siku ile ingekuwa siku ya kawaida: umekwenda kwenye tamasha, umekula mishikaki, umerudi na video kumi na moja. Lakini wimbo ule niliujua. Nilipokuwa mdogo, likizo zote tulipelekwa kwa bibi yangu Tanangozi, kwenye barabara ya kwenda Mbeya, na kabla kijiji hakijapata mashine ya kusaga ya karibu, mahindi yalitwangwa nyumbani. Bibi alitwanga akiimba. Sisi wajukuu tulikaa kwenye mkeka na kazi yetu ilikuwa moja: anaposhusha mstari, tunajibu. Jibu lilikuwa neno moja, silabi tatu, halibadiliki hata mstari ubadilike vipi. Mtoto wa miaka minne alilimudu. Ukisinzia ukachelewa kujibu, bibi alisimamisha mchi juu na kukutazama mpaka umelitoa.

Kihehe changu chenyewe ni cha aibu. Nasema "kamwene" kwa ujasiri mkubwa, kisha mwenzangu akiendelea, nageukia Kiswahili. Lakini lile neno la silabi tatu liko mwilini mwangu kama namna ya kufunga kamba za viatu. Pale uwanjani, kila kimya kilipofika, nililisikia likipanda hadi kooni. Mara saba, labda nane. Sikulitoa. Niliogopa sauti yangu kusikika peke yake, niliogopa watu kugeuka. Nikitaka kuwa mkweli zaidi, niliogopa pia kuharibu video.

Kando yangu alikaa mwalimu mmoja kutoka Ayalandi, aliyekuwa amefundisha Nyanda za Juu Kusini kwa miaka kadhaa na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Aliniuliza, "Kwa nini hakuna anayemjibu?" Yaani mgeni, asiyejua neno hata moja la Kihehe, alikuwa amesikia kwamba ule ukimya ni nafasi ya mtu. Nikamwambia labda watu hawaujui wimbo. Nilimdanganya kwa sentensi fupi kabisa, kama tunavyodanganya mara nyingi.

Wakati mshereheshaji anamshusha bibi jukwaani, kwa heshima na kwa haraka kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na ratiba, yule mwalimu akanieleza kitu cha kwao. Kuna uimbaji wa zamani wa Kigaeli unaoitwa sean-nós. Mtu huimba peke yake bila ala yoyote, mara nyingi akiwa amefumba macho au ameelekea ukutani. Huimba peke yake, lakini haachwi peke yake. Wanaosikiliza humtupia maneno ya kumtia moyo katikati ya wimbo, na pengine mmoja huushika mkono wa mwimbaji na kuuzungusha taratibu, kama mtu anayekoroga uji, mpaka wimbo uishe. Nilifikiria mkono wa yule bibi kwenye mchi. Hakuna aliyeushika.

Nilipofika nyumbani nikasoma zaidi kuhusu hao Waayalandi, nikakutana na tamasha la Belfast la Julai 1792. Watu wa mji ule waliona wapiga kinubi wa jadi wanakwisha, wakatangaza zawadi na kuwaita. Walifika kumi tu wa Ayalandi, na mmoja wa Wales. Sita kati ya wale kumi walikuwa vipofu. Mkongwe wao, Denis Hempson, alisemekana kuwa na miaka tisini na kitu, naye peke yake alikuwa bado anadonoa nyuzi za shaba kwa kucha, kama walivyofanya wa kale. Waandaaji walikuwa wamemwajiri kijana wa miaka 19, Edward Bunting, mpiga kinanda, akae aandike kila atakachosikia. Aliandika, na kazi hiyo aliendelea nayo karibu maisha yake yote. Kwa sababu yake tuni nyingi zipo mpaka leo. Ila alipozichapisha alizipanga zipigwe kwa piano. Zile kucha za Hempson hazikuingia kwenye karatasi. (Mwanamapinduzi Wolfe Tone alihudhuria pia, na kwenye shajara yake akaonyesha kwamba kelele za nyuzi zilimchosha. Nilifurahi kujua kwamba vijana wa tamasha lile nao walikuwa na mambo mengine kichwani.)

Leo kinubi kiko kwenye sarafu za Ayalandi. Kila mtu anakishika mfukoni, wachache wanajua kukipiga.

Nasi tuna Bunting wetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine zake, akarekodi muziki wa Wahehe miongoni mwa wengine, ikiwemo ile ala ya nyuzi inayoitwa ligombo. Rekodi hizo ziko kwenye maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Nashukuru zipo. Nimezisikiliza nikiwa kwenye bajaji, spika za masikioni zimejaa, nikajisikia Mhehe kweli kweli kuanzia Kihesa mpaka Miyomboni. Hapo ndipo ninapojishuku. Hisia ile ilinigharimu bando tu.

Je, mtu ana haki ya kujivunia kitu ambacho hawezi kukifanya, na akiweza hakifanyi? Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais kwa mara ya kwanza, alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akawachokoza wasomi wa wakati ule: mnajua kucheza dansi za Kizungu, je, wangapi kati yenu wamewahi kucheza, au hata kusikia, gombe sugu, mangala, kiduo? Zaidi ya miaka sitini baadaye, jibu letu ni la ajabu. Tumezisikia. Tunazo kwenye simu. Mwalimu alihofia tutasahau, nadhani hakuwaza kwamba tutakumbuka kwa namna hii, ya kukumbuka bila kufungua mdomo.

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, nilipomsimulia habari hii alinikatisha. Kwa maoni yake ninajitesa bure. Mtu hazaliwi na deni la nyimbo, alisema. Bibi yako aliimba kwa sababu alikuwa na mahindi ya kutwanga, wewe huna. Kumlazimisha mjukuu abebe kinu kwa jina la utamaduni ni kumnyima maisha yake. Na mara nyingi wanaobebeshwa ni wasichana, akaongeza, na hapo sikuwa na la kujibu, maana waliokuwa wakitwanga Tanangozi wote walikuwa wanawake, na wajomba zangu hawakuitikia hata siku moja. Walikuwa kwenye ulanzi.

Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Sitaki kuandika ile insha ya kwamba jukwaa limeua utamaduni. Wimbo wa kutwangia ulipoteza kazi siku mashine ya kusaga ilipofika kijijini, na bibi yangu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, debe kichwani, akifurahi. Mabega yake hayakuwa na haja ya nyimbo, yalihitaji kupumzika. Tamasha lilikuja baadaye na kuukuta wimbo umekaa bila kazi, likaupa kiti. Kiti kibaya, dakika tano na kinu kitupu, lakini kiti.

Ila kuna jambo rafiki yangu aliliruka, kama wanasheria wanavyojua kuruka. Aliuliza kama ninadaiwa na utamaduni. Mimi sikusimama mbele ya utamaduni siku ile. Nilisimama mbele ya mama mmoja mwenye sweta la kijani aliyekuwa anaita, na kati ya mamia ya watu huenda nilikuwa mmoja wa wachache waliokuwa na jibu. Mtu akikusalimia njiani kwa lugha unayoijua, hukai kujiuliza kama vizazi vijavyo vitanufaika na wewe kuitikia. Unaitikia. Usipoitikia, umemkosea yeye, leo, asubuhi hiyo. Sina hakika kama nadaiwa na Wahehe wote waliokufa. Nina hakika nilidaiwa na yule.

Iringa tukisema urithi, wengi wanafikiria fuvu la Chifu Mkwawa pale Kalenga. Wajerumani walilichukua baada ya yeye kujiua Julai 1898 asikamatwe. Lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, na hatimaye likakabidhiwa tarehe 19 Juni 1954. Nilipelekwa kulitazama nikiwa darasa la tano. Fuvu linaweza kudaiwa kwa mkataba, likasafirishwa, likawekwa kwenye kioo, na likawa limerudi. Watoto wa darasa la tano hawahitaji kufanya chochote mbele yake ila kunyamaza. Nafikiri tulijifunza pale, bila mtu kukusudia, kwamba mbele ya urithi unanyamaza. Nikaenda na adabu hiyo mpaka kwenye tamasha.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Tanangozi. Nilimkuta bibi yangu kibarazani anapukuchua mahindi, gunia upande huu, beseni upande ule. Nilisalimia, nikakaa kwenye kigoda, nikasaidia kidogo, kisha nikatoa simu. Nilimwambia, "Bibi, nimekuletea kitu." Nilitaka afurahi. Labda nilitaka pia anisamehe, ingawa hakujua kosa.

Alisogeza uso karibu na kioo. Akaniuliza yule mama ni wa wapi. Nikasema sijui, sikuuliza. Akaniuliza wenzake wako wapi. Nikamweleza habari ya nauli, akaguna. Kisha mstari wa kwanza ukatoka kwenye ile spika ndogo, ukafuata ule ukimya, na bibi yangu, bila kuacha kupukuchua, akaitikia.

Sauti yake imepungua, lakini neno lilikaa pale pale pa kwake, kama mguu kwenye kandambili ya zamani. Mstari wa pili, akaitikia. Wa tatu pia. Vile vimya vilivyotuchekesha uwanjani vilikuwa vimepimwa sawasawa, havizidi wala kupungua. Yule bibi jukwaani alikuwa amewaachia wenzake nafasi zao zote, hata ile sehemu ambayo sauti ya mshereheshaji inaingia na makofi yetu yanafuata. Bibi yangu aliposikia makofi alikunja uso. "Hao wanapiga makofi ya nini? Hajamaliza."

Video ina dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Inakatika pale mshereheshaji anapomshika bibi mkono kumteremsha. Nilitaka kufunga simu. Bibi yangu akaweka gunzi chini, akanigeukia, akanitazama kwa ile namna ya mchi uliosimama juu.

"Kwani wewe umesahau?"

Nikasema hapana.

"Basi rudisha mwanzo."