Mtu Mdogo Chini ya Mialoni

Katika karne ya 17 alikuwako huko Uholanzi mchoraji wa misitu, Jacob van Ruisdael. Mialoni yake hujaza karibu picha yote, na watu ni wadogo hata yakupasa usogee ndipo uwaone. Tena pengine watu hao hakuwachora yeye: alipokwisha kuchora msitu, mwenziwe Adriaen van de Velde ndiye aliyewatia.

Je, huku si kumdharau mtu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu? Mimi nilidhani hivyo. Lakini fungueni Mwanzo sura ya 1: miti ilitokea siku ya 3, mtu siku ya 6. Tulikuja tukaukuta msitu. Twapenda sana neno lile la kuitiisha nchi (mwenye shoka hulijua kwa moyo!), lakini sura ya 2 yasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza.

Meindert Hobbema, mwanafunzi wa Ruisdael, alipenda kuchora njia za msituni. Hizo zimekanyagwa na watu, nazo hupindapinda zikiipisha miti.