Mpunguzie Punda Mbio, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, nimechoka kukupigia kelele kila ukipita hapa Ukonga na mkokoteni, punda anakwenda mbio, masikio kayalaza nyuma, madumu yanagongana. Leo sipigi kelele. Mfungue kwanza mnyama apumue, kisha ukae unisikilize.

Wewe mbio zile unaziona ni nguvu. Mimi naona maumivu. Farasi akishtuka hutimua. Punda, kwa desturi yake, husimama akaitazama hatari kwanza. Basi akikimbia na mzigo, jiulize anasukumwa na nini. Mara nyingi ni mkokoteni wenyewe. Dumu la maji ni kilo 20. Ukipakia kumi ni kilo 200, na mkokoteni hauna breki. Kwenye mteremko uzito wote unamjia matakoni, naye hana pa kuukimbilia ila mbele. Hapo wewe unavuta hatamu, unamchana mdomo. Atasimamaje? Mfungie mkanda mpana nyuma ya mapaja, auzuie mzigo kwa makalio. Madumu yapange juu ya magurudumu, mikono ya mkokoteni isimlemee wala isinyanyuke. Na ile nira uliyoazima kwa mwenye ng'ombe irudishe. Ng'ombe ana nundu ya kuizuia. Punda huvuta kwa kifua. Hebu mpapase shingoni. Umeona anavyoruka? Kidonda hicho chenye nzi hakimwachi atulie.

Sasa mwendo. Mfundishe bila mzigo, alfajiri, vichochoroni, kabla bodaboda hazijachangamka. Usimpeleke barabara kubwa ya Pugu. Tembea naye bega kwa bega. Vuta hatamu kidogo, na akipunguza hata hatua moja, legeza papo hapo. Kule kulegeza ndiko malipo yake. Ukiendelea kuvuta, ametii na bado anaumia. Kesho atii kwa lipi? Neno la kumtuliza liwe moja, lile lile kila siku, kwa sauti ya chini. Nawe utulie, babu. Ukimshika na hasira za mteja aliyekataa kukulipa, anazipata kupitia kamba.

Utaniambia shukrani ya punda ni mateke. Wengi wanasema hivyo, na punda wao nikiwatazama mapajani naona alama za fimbo. Kumpiga na kumbebesha kupita kiasi ni kosa kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ila sikutishi kwa sheria. Punda wanakwisha. Wamechinjwa kwa ajili ya ngozi mpaka Februari 2024 viongozi wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, wakakubaliana biashara hiyo isimame. Huyu wako anamlisha mama yako na wadogo zako. Akivunjika mguu kwenye ule mteremko, mwingine utamtoa wapi?

Kesho usibebe maji. Nenda kwa mafundi wa magari Gongo la Mboto, uombe mkanda chakavu wa kiti na kipande cha godoro. Vilete hapa, nikushonee.